Waranti ya mashine ya boti: duka liko Mombasa, boti iko Lamu, nani abebe mzigo?

Nahodha_Shela

Asalaam alaykum wadau. Naomba ushauri kwa wanaojua mashine, na wanaojua sheria pia wasinyamaze.

Nina boti ya abiria, kazi yangu ni Lamu, Shela na uwanja wa ndege wa Manda, wageni wakiwepo tunafika mpaka Kipungani. Msimu huu nilichukua mashine mpya, farasi 40, tustroku, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, silinda tatu, kutoka duka moja la Mombasa. Jina la duka silitaji. Karatasi ya waranti imeandikwa mwaka mmoja, na mwaka haujafika hata nusu. Tunatoka Manda na abiria wa ndege, katikati ya mkondo mashine ikapoteza nguvu, ikaanza kutetemeka, nikazima. Tukavutwa mpaka gatini.

Fundi akatoa plagi. Ya juu safi, rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Ya chini safi. Ya kati ina vidoadoa vya aluminiamu vinang'aa, vimegandia kwenye ncha. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ya kati imelala.

Nikapiga simu dukani. Jibu la kwanza: "Lete mashine Mombasa tuione." Mashine hii ni kilo sabini na ushei. Ishushwe kwenye boti, ivushwe Mokowe upande wa bara, itafutiwe hamali, ipande basi, ishushwe Mombasa, halafu nani anajua italala huko mpaka lini. Nikawaomba basi niwatumie picha. Nikatuma. Mtu wao wa huduma kwa wateja akajibu mstari mmoja: "Hiyo imechemka, umeendesha bila maji, waranti haihusiki."

Hakuuliza hata swali moja. Sasa nauliza: hii waranti ina maana gani kwa mtu wa Lamu? Na gharama ya kusafirisha ni ya nani?

Mla_Ngisi

Waranti ya duka la Mombasa inaishia daraja la Nyali, shekhe. Ukishavuka, uko peke yako na Mola wako.

FundiMokowe

Pole nahodha. Kabla hatujaenda kwenye sheria, jibu haya. Siku ile mashine ilikuwa inakojoa maji vizuri pale nyuma? King'ora cha joto kililia? Impela, ile ya kusukuma maji ya kupoza, imetolewa ikatazamwa? Na kabureta imeshafunguliwa au bado? Kama bado, usiiguse kwanza.

MzeeMkomani

Vijana mwachanganya oili kwa mato. Moya amimina kopo, mwengine nusu kopo, kisha mashine ikifa lawama kwa Mhindi wa duka. Sisemi wewe nahodha, sikujui. Lakini nimeona mengi hapa gatini.

Nahodha_Shela

Fundi: maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu mpaka nazima, abiria wote mashahidi. King'ora hakikulia. Impela tumeitoa leo, mabawa yote yapo, hayajapinda wala kukatika, picha nimeweka hapo juu. Kabureta haijaguswa.

Mzee wangu Mkomani, shikamoo. Oili napima kwa chupa yenye mistari. Mililita 400 kwa dumu la lita 20, moja kwa hamsini, kama kitabu kinavyosema. Zile saa za kuilainisha mwanzo nilitia mara mbili yake, 800, pia kama kitabu kinavyosema. Moshi ulikuwa mwingi mpaka wageni wakalalamika.

FundiMokowe

Ahsante. Sasa nisikilize vizuri maana hapa ndipo kesi yako ilipo.

Mashine ikikosa maji haiendi kuchagua silinda ya kati ikaacha jirani zake mbili salama. Maji yakipungua, mara nyingi ya juu ndiyo inaumia mwanzo kwa sababu mvuke unapanda na kukwama kule. Oili ikipungua kwenye petroli, silinda zote tatu zinakula kutoka tangi moja, basi ungeona mikwaruzo kwenye zote. Wewe umeungua moja, ya kati, na plagi za pembeni zina rangi nzuri. Hiyo ni dalili ya silinda moja kulishwa vibaya. Petroli ikawa chache, hewa ikazidi, moto ukawa mkali kupita kiasi, kichwa cha pistoni kikaanza kuyeyuka. Vile vidoadoa vya aluminiamu kwenye plagi ni pistoni yako hiyo.

Kwa nini ikose petroli? Mashine yako kila silinda ina kabureta yake. Kuna mambo mawili makubwa. La kwanza, jeti ya kabureta ya kati, kile kitundu cha kupitisha petroli, imeziba. La pili, kabureta inavuta hewa pembeni, pale inapokaa kwenye mashine, kwa sababu gasketi imechanika au boliti hazikukazwa sawa. Ukikuta jeti imeziba kwa uchafu, duka litasema petroli yako chafu, na hapo watakuwa na hoja. Ukikuta gasketi imebanwa vibaya na boliti hazijawahi kuguswa, rangi ya kiwandani bado iko vichwani, hilo ni lao.

Ndiyo maana nikasema usifungue. Ukifungua peke yako watasema fundi wa kichochoroni ndiye aliyeharibu. Ifunguliwe mbele ya mtu wao, hata kama ni kwa simu ya video.

Mla_Ngisi

Fundi naomba namba yako, mimi yangu inatetemeka tangu kusi ianze 😂

Kasa_Malindi

Niko Malindi, nafanya na boti za wavuvi wa mshipi, wale wageni wa samaki wakubwa. Waranti tumegombana nazo sana huku. Nachangia kitu ambacho hakihusu silinda ya nahodha lakini kitasaidia wengine.

Fungueni propela mara kwa mara mtazame nyuma yake. Mshipi ukijiviringa pale kwenye shafti, unakaa kimya unakula oili sili ya gia. Sili ikishakatika maji ya chumvi yanaingia, oili ya gia inageuka rangi ya maziwa, gia zinaliwa. Ukipeleka kwa waranti, kitu cha kwanza fundi wa duka atakachotoa ni propela, na akikuta kipande cha mshipi pale, mazungumzo yameisha. Na hapo duka liko sawa. Hakuna kiwanda kitakacholipia mshipi wako.

Mashine ya pili niliyosimamia ilikataliwa kwa chumvi. Walifungua kichwa wakakuta njia za maji zimejaa chumvi iliyoganda, mwenyewe alikuwa hasuuzi kwa maji ya bomba. Kila jioni dakika kumi hadi kumi na tano, maji baridi yapite ndani. Lamu najua maji ya bomba ni shida, lakini pipa na mpira vinatosha.

BintiAmu

Kaka Nahodha, mie si mtu wa mashine, ila baba yangu alikuwa na boti. Swali langu: una daftari la huduma? Ile ya kwanza ulifanyiwa na nani?

Nahodha_Shela

Dada, huduma ya kwanza nilifanya na fundi wa hapa, saa zilipofika kama kitabu kinavyotaka. Oili ya gia ikabadilishwa, boliti zikakazwa, plagi zikatazamwa. Risiti ya oili ninayo. Muhuri wa duka kwenye kitabu sina, maana hawana mtu huku.

Spea_Mwembe_Tayari

Nimekaa kaunta ya spea Mombasa miaka mingi, acha niseme upande wa duka hata kama nitatukanwa.

Duka halilipi waranti mfukoni mwake. Anayelipa ni kiwanda, kupitia mwagizaji mkuu. Ili mwagizaji akubali, anataka namba ya mashine, tarehe ya kuuzwa, kitabu cha huduma, picha, na maelezo ya fundi. Kimoja kikikosekana, duka linabeba hasara. Sasa mtu wa kaunta akipata picha mbili za plagi kwenye WhatsApp bila maelezo, rahisi kwake ni kukataa. Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo kazi inavyokwenda.

Jambo la pili watu hawasomi: mashine ya biashara na mashine ya matembezi mara nyingi hazina waranti sawa. Mtu anayezunguka na familia Jumapili anaweza kuandikiwa muda mrefu, anayebeba abiria asubuhi mpaka magharibi akaandikiwa muda mfupi. Nahodha, angalia karatasi yako wameandika matumizi gani.

La tatu, na hili ni donda. Mashine zinazoingia kwa mlango wa nyuma kutoka Dubai. Bei inavutia, mashine yenyewe ni halisi, lakini namba yake imesajiliwa kwa soko jingine. Siku ikiharibika mwagizaji wa Kenya anaangalia namba, haimo kwenye vitabu vyake, anakwambia rudi ulikonunua. Kabla hujalipa, muulize muuzaji aithibitishe namba kwa mwagizaji mbele yako. Akianza kuzunguka zunguka, ondoka.

Nahodha_Shela

Karatasi inasema "biashara" na mwaka ni ule ule mmoja. Namba iko kwa mwagizaji, nimewapigia mwenyewe wakaikubali.

Spea_Mwembe_Tayari

Basi una kesi nzuri. Achana na mtu wa kaunta. Andika kwa mwagizaji moja kwa moja, duka upe nakala.

MzeeMkomani

Wa Mwembe Tayari amesema kweli. Zamani ukinunua chombo, mwenye duka mwajuana, baba yake ajuana na baba yako. Sasa wapigia simu, yapokewa na mtoto asiyejua mashine yaingia mai wapi.

Mpwani_Ughaibuni

Salamu kutoka Arizona. Mada yenu imenigusa kwa sababu nimeona kinyume chake kwa mato yangu, kama asemavyo mzee.

Hapa Marekani watu wanaopenda kulenga shabaha wanajaza risasi zao wenyewe upya nyumbani kwa mashine za mkono. Wanachukua ganda lililokwisha kupigwa, wanatia fataki mpya, baruti na kichwa. Nafanya kazi na mzee mmoja ana karakana ya namna hiyo. Kuna kampuni hapa hapa Scottsdale, Dillon Precision, mashine zake za nyumbani kama RL 550 na XL 750 zina dhamana ya maisha. Hawajali wewe ni mnunuzi wa kwanza au umeirithi kwa babu. Kipande kikivunjika unapiga simu, anayepokea anaijua mashine. Anakuuliza inakwama hatua gani, ganda linaingia vipi, mpini ukiushusha unasikia nini. Kisha anatuma kile kipande kidogo kwa posta. Mashine nzima inabaki mezani kwako.

Lakini sikilizeni na hili, linaungana na alilosema wa Mwembe Tayari. Kampuni ile ile, mashine yake kubwa ya kazi nzito, RL 1100, haina dhamana ya maisha. Wanaihesabu ni ya biashara, wanaipa mwaka mmoja. Kwa hiyo hata hao wanaosifiwa dunia nzima wanapiga hesabu ya matumizi.

Ninachotaka kusema: ombeni kipande kitumwe, msikubali haraka kupeleka mashine.

Mla_Ngisi

Kwa hiyo wewe ughaibuni unajaza risasi na sisi tunajaza petroli. Usilete hayo Lamu, ami, utakula ugali wa serikali.

Mpwani_Ughaibuni

Hahaa, sileti. Kwetu Kenya kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, Sheria ya Silaha, Cap 114, kila mtu anajua. Natolea mfano wa huduma tu.

FundiMokowe

Mfano mzuri. Swali "inakwama hatua gani" ndilo lililokosekana kwa nahodha. Mtu angeuliza "silinda ngapi zimeungua?" asingesema habari ya maji.

WakiliPwani

Nimesoma uzi wote. Nagusa sheria kwa ufupi, huu si ushauri rasmi.

Katiba, Kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa za ubora unaostahili, haki ya kupata maelezo, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Chini yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, na kuna ile ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa, Cap 31, inayosema kitu kikiuzwa kwa kazi ambayo muuzaji anaijua, kiwe kinafaa kwa kazi hiyo. Ulimwambia muuzaji unabeba abiria? Kama karatasi yenyewe imeandikwa "biashara", alijua.

Kuhusu kusafirisha: soma masharti. Yakisema mteja ndiye anayeleta, utabanwa. Yakinyamaza, una nafasi ya kubishana. Na mkifika pabaya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliundwa kwa sheria ya 2016, sasa inasikiliza madai mpaka shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Uliza kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu nawe utaratibu ukoje.

Ila usianze na mahakama. Anza na barua. Taja namba ya mashine, tarehe ya kununua, tarehe ya kuharibika, alichosema fundi, na unachotaka: mashine ikaguliwe kwa video au kwa fundi watakayemteua Lamu au Malindi, ndani ya muda unaoutaja. Ule ujumbe wao wa mstari mmoja uhifadhi, usiufute. Mtu anayetoa hukumu juu ya mashine asiyoiona amekupa zawadi.

BintiAmu

Wakili, baba yangu angekusikia miaka ile asingeuza boti.

Kasa_Malindi

Nahodha, kama mwagizaji akikubali fundi wa Malindi, karibu. Lakini kwa kazi ya kufungua kabureta tu, FundiMokowe na simu yenye bando vinatosha. Kitu kimoja: mwanzo wa video onyesha namba ya mashine ile iliyogongwa kwenye bamba, bila kukata, kisha shuka mpaka kwenye kabureta. Ukikata video watasema mashine ni nyingine.

Mla_Ngisi

Na simu iwe imechajiwa. Huku stima ikikatika…

Nahodha_Shela

Mrejesho wadau.

Barua nilipeleka kwa mwagizaji kwa baruapepe, nakala dukani, kwa mpangilio aliotoa wakili. Safari hii aliyenipigia ni fundi wao mkuu, mtu mzima, sauti ya mtu aliyeshika spana. Swali lake la kwanza: "Plagi za juu na chini zina rangi gani?" Nilitaka kumkumbatia kwenye simu.

Tukafungua kwa video, FundiMokowe alikuja mpaka Shela, Mungu ambariki. Namba ya mashine kwanza, kisha tukashuka. Boliti za kabureta ya kati rangi ya kiwandani haijachubuka. Ilipotoka, gasketi ilikuwa imekunjika upande mmoja, imebanwa ikiwa imejikunja, na sehemu ya mkunjo ina njia ndogo hewa inapita, unaiona kabisa, pana weusi wa masizi pembeni yake. Bakuli la kabureta likafunguliwa, safi, jeti ikaangaliwa kwenye mwanga, wazi. Fundi wao akanyamaza kidogo, akasema, "Ngoja nipige picha kioo changu."

Wamekubali pistoni, ringi, gasketi zote na kabureta. Silinda wanasema ikwanguliwe kwanza, ikiwa imeliwa zaidi ya kipimo watatuma nyingine. Wanataka pistoni ya zamani irudishwe Mombasa kama ushahidi wa kiwanda. Spea zimekuja kwa basi mpaka Mokowe, wao wamelipa. Kazi ya fundi wamekubali kulipa kwa kiwango chao, ambacho ni kidogo kuliko cha FundiMokowe, tofauti nimeweka mimi.

FundiMokowe

Tofauti tutaimaliza kwa samaki. Silinda nimeipima, imo ndani ya kipimo. Naomba tu usisahau, pistoni mpya maana yake unalainisha upya. Mililita 800 kwa dumu, usiipe moto wote mwanzoni, na wageni wavumilie moshi.

Spea_Mwembe_Tayari

Hongera. Mwambie fundi aandike kazi yote kwenye kitabu, tarehe na saa, aweke sahihi. Na waombe barua kwamba sehemu mpya zina waranti yake au zinaendelea na ile ya zamani. Usidhani, uliza. Mwagizaji mmoja hadi mwingine wanatofautiana.

MzeeMkomani

Alhamdulillahi. Na yule mtoto wa mstari mmoja ameomba radhi?

Nahodha_Shela

Hajasema kitu mzee wangu. Duka lilituma ujumbe, "Tunashukuru kwa subira yako." Sikujibu.

BintiAmu

Na ile muda wote boti ilipokaa, wageni walipanda boti za wengine. Hiyo nani analipa?

WakiliPwani

Swali zuri dada. Karatasi nyingi za waranti zinasema wazi hazilipi mapato yaliyopotea, kwa hiyo kwa mlango wa waranti hapati. Kwa mlango wa kudai fidia ya kasoro anaweza kujaribu, lakini hakimu atataka hesabu: kabla ya kuharibika alikuwa anaingiza kiasi gani, na ushahidi uko wapi. Maneno ya mdomo hayatoshi. Nahodha, unaandika safari zako popote?

Nahodha_Shela

Daftari la abiria ninalo, kila safari na nauli, la petroli pia. Naanza kujumlisha usiku huu. Kikieleweka kitu nitaleta mrejesho mwengine.